Dawa Isiyotaka Siri: Bibi Harusi na Maradhi ya Ngozi ya Kurithi



Mfunguo mosi umeingia na harusi zimepamba moto. Kila tukipita mitaani tunasikia harufu ya singo inayotwangwa: mawaridi, asumini, mlangilangi, mrehani, liwa na karafuu. Sisi ni wapenzi wa mambo haya na hatuoni haya kusema. Mwari kusingwa, kutiwa hina na kufukizwa udi ni katika furaha za kisiwa chetu, na bibi zetu walitulea nazo. Lakini leo tunataka kusema neno kwa ajili ya mwari mmoja ambaye kwake siku ya singo si siku ya furaha. Anaiogopa kuliko siku ya ndoa yenyewe.

Tulimwona kwa macho yetu, na ametupa ruhusa tuyaseme haya bila ya kumtaja. Tulikuwa tumealikwa nyumba moja ya Ng'ambo. Mwari amekaa juu ya mkeka, amejifunga kanga, na hataki kuishusha hata kidogo. Wenzake wanamcheka, wanasema ni haya za mwari. Somo yake, mwanamke mwema lakini mwenye mkono mzito, akaivuta ile kanga. Kifuani, chini ya matiti, shingoni na mgongoni ngozi ilikuwa na vipele vidogo vya rangi ya kahawia, vimeshikana, vigumu, na juu yake vina ukoko wa mafutamafuta. Chumba kizima kikanyamaza. Mama yake akasema upesi, "Pele za joto hizo, zinamtoka tangu yuko skuli." Somo akajibu kuwa singo itazitoa. Akasugua.

Akasugua kweli. Mwari aliuma pindo la kanga na hakutoa sauti. Usiku wa harusi, siku ya tatu yake, kifua kilikuwa kimechubuka chote, kinatoa maji, na kina harufu ambayo udi haukuweza kuifunika. Hivyo ndivyo alivyokwenda kwa mumewe.

Hazikuwa pele za joto, dada zetu. Na mama yake alijua kuwa si pele za joto, kwa sababu yeye mwenyewe anazo. Miaka yote tumemwona akivaa nguo za shingo ndefu, hata mwezi wa Februari tunapochomwa na jua la kaskazi, na tukidhani ni ustaarabu tu. Bibi naye, Allah amrehemu, alikuwa nazo.

Maradhi yenyewe

Maradhi haya huitwa maradhi ya Darier. Yamepewa jina la daktari wa Kifaransa, Jean Darier, aliyeyaeleza mwaka 1889. Mwaka huo huo daktari wa Kimarekani, James White, aliyaeleza naye. Ni maradhi ya nadra, na ndiyo maana wengi wetu hatujayasikia. Lakini nadra si sawa na hakuna.

Chanzo chake ni jeni, si jini. Jeni yenyewe huitwa ATP2A2, na kazi yake ni kutengeneza pampu ndogo inayopanga madini ya kalsiamu ndani ya seli. Pampu ikiwa na kasoro, seli za ngozi hazishikani vizuri. Fikiria ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe uliojengwa kwa mawe ya matumbawe, lakini fundi akapunja chokaa. Kwa mbali ukuta unasimama. Ukiusugua na ukiupiga maji, unaanza kumeguka. Sasa fikiria ukuta huo ukisuguliwa kwa singo.

Mara nyingi huanza utotoni au katika ujana, msichana anapokuwa ndio kwanza anavunja ungo. Joto huyazidisha, jasho huyazidisha, jua huyazidisha, na kusuguliwa huyazidisha. Tuangalie tunapoishi. Vipele hupenda kifua, mgongo, shingo, nyuma ya masikio, paji la uso na ukingo wa nywele, yaani palepale ushungi unapobana. Viganjani huwa na vishimo vidogo. Kucha huwa na mistari myeupe na myekundu kutoka shinani hadi nchani, na ncha yake hukatika mfano wa herufi V. Kwa hivyo mtia hina huenda akawa mtu wa mwanzo kuyaona, kabla ya daktari.

Hayaambukizi. Tunalirudia hili kwa sauti: hayaambukizi. Si kwa kushikana mikono, si kwa kulala kitanda kimoja, si kwa taulo. Hayaletwi na uchafu, ingawa wenye nayo huoga mara nyingi kuliko sisi sote kwa kuogopa harufu. Na hayatokani na binamu kuoana, kama wengi wanavyokimbilia kusema. Kuna maradhi mengine ya ngozi ya kurithi ambayo hutaka wazazi wote wawili wabebe kasoro. Haya hayahitaji hivyo. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuyarithi. Wengine huwa wa mwanzo katika ukoo wao. Na ndani ya nyumba moja mama anaweza kuwa na vipele vichache na mwanawe akajaa kifua kizima.

Dawa ipo, na ina masharti yake

Dada yetu huyu alikaa wiki nne kwenye ndoa bila ya kuvua nguo taa ikiwa inawaka. Mama mkwe alimtengea taulo na sahani yake. Aliyemwokoa, baada ya Allah, ni wifi yake, ambaye hakumuuliza maneno mengi. Alimwambia tu, "Wifi, kesho tunakwenda kwa daktari wa ngozi, mimi na wewe." Wakaenda. Daktari alitazama kucha kwanza, akauliza habari za mama na bibi, kisha akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Majibu yaliporudi, kwa mara ya kwanza katika ukoo ule maradhi yale yakapata jina.

Katika dawa alizopewa, moja ilikuwa krimu ya jamii inayoitwa retinoidi. Hizi ni dawa zilizotokana na vitamini A: tretinoini, adapalini, tazarotini na nyenginezo. Wengi wetu tunazijua kwa chunusi. Kazi yake ni kurekebisha namna seli za ngozi zinavyokomaa na kubanduka, ili ule ukoko mgumu upungue na ngozi ilainike. Haziponeshi, kwa sababu jeni inabaki palepale. Utafiti wake kwa maradhi haya ni mdogo, maana wagonjwa wenyewe ni wachache, na wapo wasionufaika nazo. Lakini wapo waliopata nafuu kubwa, na kwa mwanamke aliyefunika kifua chake miaka 12, nafuu si jambo dogo.

Tatizo lake kubwa ni kuwa zinawasha na kuchoma. Wiki za mwanzo ngozi huwa nyekundu au nyeusi zaidi, hukauka na kubanduka. Ndiyo maana huanzwa kidogo kidogo: nguvu ndogo, tabaka jembamba, usiku mmoja kwa kuruka mwengine au hata miwili, juu ya ngozi iliyokauka vizuri baada ya kuoga, na mafuta ya kulainisha yakifuata. Makwapani na kwenye mikunjo hazipakwi ovyo, kwani hapo huunguza zaidi. Mchana ngozi huwa dhaifu mbele ya jua. Na mtu asihukumu dawa kwa wiki mbili. Inataka wiki nyingi, pengine miezi mitatu, ndipo ijulikane kama inafaa.

Kwa hivyo bibi harusi asianze dawa hii wiki mbili kabla ya harusi. Atafika ukumbini anabanduka. Ama aanze miezi minne au mitano kabla, ama asubiri harusi ipite. Na popote inapopakwa dawa hii pasisuguliwe singo wala pasitolewe nywele kwa nta au sukari. Ngozi itatoka pamoja na nywele.

Masuala ya ibada tunaulizwa mara nyingi. Krimu hii hupakwa usiku, na wengi huona wepesi kuipaka baada ya Isha, ikanywewa na ngozi hadi alfajiri. Dawa iliyonywewa na ngozi haizuii maji ya udhu. Mafuta mazito yaliyobaki tabaka juu ya ngozi ni jambo jengine, hayo yaoshwe. Kupaka ngozi dawa mchana wa Ramadhani hakufunguzi. Na ambaye maji yanamdhuru kwenye vidonda, dini yetu imemwekea wepesi, basi amuulize sheikh wake badala ya kujitesa.

Tunaomba pia tuwe wakweli kuhusu jambo moja. Baadhi ya mikorogo ya kujichubua inayouzwa madukani imechanganywa na tretinoini hiyohiyo, pamoja na dawa nyengine kali. Msichana mwenye maradhi haya akisikia kuwa krimu fulani "inalainisha ngozi", atainunua bila ya kuuliza mtu. Tusimhukumu, lakini tumwambie: jina la dawa linaweza kuwa moja, na bado dawa ya daktari na mkorogo ni mbingu na ardhi.

Suali ambalo halijibiwi na mtu mmoja

Sasa tufike kwenye lililotufanya tuandike. Kabla ya kumpa krimu ile, daktari alimuuliza dada yetu suali moja: "Umeolewa. Mna nia ya mtoto lini?" Akashindwa kujibu. Ataijibuje peke yake, na mumewe hajui hata kama kuna maradhi?

Krimu ya retinoidi ikipakwa, inayoingia kwenye damu ni kidogo sana. Hata hivyo, kwa tahadhari, madaktari hawapendi itumiwe na mjamzito wala anayetafuta mimba, na tazarotini imekatazwa kabisa kwa mjamzito. Vidonge vya jamii hiyo, ambavyo hupewa wenye hali kali, ni hatari ya wazi. Isotretinoini na asitretini huleta kasoro kubwa kwa mtoto aliye tumboni. Anayemeza asitretini hutakiwa asishike mimba hadi ipite miaka mitatu tangu aache. Miaka mitatu, dada zetu, na sisi tunajua mwezi wa pili tu wa ndoa watu wameshaanza kuuliza, "Vipi, hujatapika?"

Kwa hivyo dawa hii haiwezi kutumiwa kwa siri na mke. Si kwa sababu ya adabu tu, bali kwa namna ilivyo. Akiificha kwa mumewe, hataweza kupanga uzazi naye. Akishika mimba, atakuwa na khofu asiyo na wa kumwambia. Akiiacha ghafla ili asionekane na tubu, ngozi itarudi ilipokuwa. Kila mlango wa siri unaishia ukutani. Na ikitokea mwanamke amepaka krimu kisha akagundua ana mimba, asitaharuki wala asikae kimya. Aiache na aende kwa daktari siku ileile.

Dada yetu alirudi nyumbani, akawasha taa, akamwambia mumewe. Hatutasema kuwa mambo yalikuwa mepesi. Mume alinuna siku tatu, akasema amedanganywa. Siku ya nne akauliza, "Inauma?" Kisha wakaenda kwa daktari pamoja. Wakakubaliana: miezi kadhaa ya dawa huku wakizuia mimba, kisha aache, ndipo watafute mtoto. Wakaelezwa pia ile nusu kwa nusu, ili mtoto akizaliwa nayo isiwe ni kesi ya kumtafuta mchawi. Mazungumzo yale yalitakiwa yafanyike kabla ya posa kukubaliwa, na yalichelewa kwa sababu watu wazima watatu walikubaliana kuyaita maradhi "pele za joto".

Sitara si kuficha

Tunajua mtakalotujibu. Mtasema, "Akijulikana hataolewa." Mtasema, "Dini inahimiza sitara." Tunayapima yote mawili.

Sitara ni kumsitiri ndugu yako kwa wasiohusika. Si lazima mtaa mzima ujue, si lazima wapiga picha wajue, wala majirani wanaokuja kula biriani. Lakini mtu atakayelala kitandani na wewe na kuzaa na wewe si mtu wa nje. Fikihi ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu hapa tunaifuata, imezungumzia aibu zinazompa mmoja wa wanandoa khiyari ya kuvunja ndoa, na maradhi mawili ya ngozi yamo: mbalanga na ukoma. Darier si mbalanga wala si ukoma. Hatusemi kuwa hukumu yake ni hiyo, na sisi si mamufti. Tunasema kwamba wanazuoni wetu waliona mapema kuwa mwili wa mwenza si jambo la kuchezewa shere, na walihimiza mtu asemwe kwa ukweli pale watu wanapokuja kumuulizia kwa ajili ya ndoa. Maneno matatu yanatosha: "Ana maradhi ya ngozi ya kurithi, hayaambukizi, ana daktari wake."

Na kuhusu kutoolewa, tujiulize: mume anayekimbia kwa kuambiwa kabla, angekaa kwa kugundua baada? Anayebaki baada ya kuambiwa ndiye mume.

Tena mbona masuala haya anaulizwa mwanamke peke yake? Jeni hii haichagui. Vijana wa kiume wanayo vilevile na wanaoa kwa shati lililofungwa vifungo hadi juu, hakuna anayewavua kanga. Tunataka mama za waume nao waseme. Mwana wao akiwa na vishimo viganjani na kucha zilizokatika, binti wa watu ana haki ya kujua kama wao walivyotaka kujua.

Kwa masomo, wapambaji na mama

Somo ana nafasi ambayo daktari hana. Mwari anavua mbele yake. Tunakuombeni, masomo zetu, mkiona ngozi ya namna hii msisugue na msitangaze. Mtoeni mwari pembeni, muulizeni kwa upole. Singo ya kusugua iachwe, liwa na manukato yasiwekwe juu ya vipele vilivyochubuka. Aogeshwe maji ya uvuguvugu au baridi, apigwe udi kwenye nguo badala ya mwilini, na furaha ya siku ibaki palepale. Vigelegele havihitaji ngozi laini.

Mpambaji, kama shela ni la nailoni, weka pamba nyepesi ndani yake. Feni iwe karibu. Usimbane shingoni. Piko iliyochanganywa rangi ya nywele iepukwe, maana inaunguza hata ngozi nzima, seuze ngozi hii.

Mama, kama unayo na binti yako ameanza kutoka vipele kifuani, usimrithishe na kimya. Mpeleke akiwa bado mdogo. Madaktari wa ngozi wapo. Pale Moshi, katika hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya maradhi ya ngozi tangu mwaka 1992, kinachofundisha wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika, na daktari wako anaweza kukuelekeza. Na mkumbuke hatari moja: akitokwa ghafla na malengelenge mengi yanayouma, pamoja na homa, ni dharura. Ngozi hii huvamiwa kwa urahisi na virusi vya malengelenge ya mdomoni. Asingoje asubuhi.

Muangalieni pia moyo wake. Huzuni nzito ni jambo la kawaida kwa wenye maradhi haya, na si upungufu wa imani.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kutafuta dawa na akatubashiria kuwa Allah hakuleta maradhi ila ameyaletea tiba. Kutafuta dawa kumeamrishwa kwa uwazi. Sisi ndio tuliotia siri.

Dada yetu hivi sasa ameacha krimu, kama walivyopangana na mumewe, na wanasubiri majaaliwa ya Mola. Vipele vimerudi kidogo shingoni. Juzi alikuja kwenye harusi ya jirani amevaa dira ya shingo pana, jambo ambalo hatujawahi kuliona kwake. Mama yake alikuwa amekaa pembeni yake. Naye alikuwa amefungua kifungo cha juu.

Ya Allah, wape shifaa wagonjwa wetu, wape waume na wake zao vifua vipana, na utujaalie sisi mikono isiyoumiza. Aamin.